SOMO LA MAKATIBU: TAREHE YA MKUTANO KATIKA SIMU YA MWANACHAMA



Kazi ya kuwaita wanachama mkutanoni ni ya katibu tangu vyama vyetu vilipoanza. Zamani vyombo vyake vilikuwa vitatu: ubao wa matangazo, barua ya mkono, na mtu wa kupita vijijini akipiga mbiu. Siku hizi kimeongezeka chombo cha nne, nacho ni simu. Vipo vyama vilivyokwisha kutengenezewa programu ya simu, ambamo mwanachama husoma bei ya mazao, uzito wa mzigo wake uliopokelewa ghalani, na matangazo ya ofisi. Katika matangazo hayo tarehe ya mkutano aghalabu huonekana imepigiwa mstari. Mwanachama akiigusa, simu humwuliza kama ataka kuiweka katika kalenda yake, na siku ikikaribia simu hulia kumkumbusha. Maandishi ya namna hiyo, yanayopeleka mahali pengine yakiguswa, huitwa kiungo.

Somo hili laeleza jinsi tarehe inavyogeuzwa kuwa kiungo cha kalenda, mahali ambapo kazi hiyo huharibika, na wajibu wa katibu. Yafaa nianze kwa kueleza kwa nini nimelichagua.

Miaka michache iliyopita nilihudhuria Mkutano Mkuu wa chama kimoja cha msingi cha wakulima wa pamba, ambacho sitakitaja jina. Ulikuwa mwezi wa Septemba. Ajenda kubwa ilikuwa kupitisha makisio ya mwaka na ukomo wa madeni, ili chama kipate kukopa fedha za pembejeo kabla ya mvua. Tangazo lilikuwa limetolewa mapema kama masharti ya chama yanavyotaka. Katika programu ya simu liliandikwa hivi: "Mkutano Mkuu 5/9 saa 4, ghalani." Saa 4 ilifika, tukasubiri. Saa 6 mchana tulihesabu wanachama, akidi haikutimia, na mwenyekiti hakuwa na la kufanya ila kuahirisha mkutano. Waliofika wengi wao walikuwa wazee walioliona tangazo ubaoni. Wenye simu nzuri ndio waliokosekana.

Jioni ile tulipita kwa mama mmoja mwanachama, mkulima hodari ambaye hakosi mkutano. Alishangaa kutuona, akatoa simu yake kwa kujiamini kabisa, akatuonyesha. Mkutano Mkuu ulikuwamo katika kalenda yake, umeandikwa vizuri, tarehe 9 Mei, saa 10 alfajiri. Alikuwa ameligusa tangazo siku ile ile lilipotolewa, akaiachia simu kazi ya kumkumbusha. Wengine wengi walikuwa wamefanya vivyo hivyo. Mkutano wa pili ulipofanyika ukomo wa madeni ulipitishwa, lakini mkopo ulichelewa, na mbegu na dawa zilifika mvua zikiwa zimekwisha kuanza. Wapo waliopanda kwa kuchelewa, na wapo waliokopa kwa walanguzi kwa masharti ambayo kila mwanachama ayajua.

Kijana aliyeitengeneza programu ile alipoulizwa, alijibu kwamba mashine ndiyo iliyosoma. Jibu hili si la kweli, kwa sababu mashine haisomi. Hufuata kanuni iliyoandikiwa. Kijana yule alikuwa amechukua kipande cha kanuni kilichoandikwa kwa desturi ya Marekani, ambako mwezi hutangulia na siku hufuata. Kwa hiyo 5/9, ambayo kwetu ni siku ya tano ya mwezi wa tisa, ikawa siku ya tisa ya mwezi wa tano. Na kanuni ilipoona "saa 4" iliweka 4 ya saa za kimataifa, ambayo sisi twaiita saa 10 alfajiri. Makosa mawili, nayo yote yalikuwa yamejificha katika tangazo ambalo binadamu yeyote wa hapa angelielewa bila shida.

Sasa na tutazame kazi yenyewe inavyokwenda.

Programu ya simu mara nyingi huwa na dirisha ndani yake, na dirisha hilo huonyesha ukurasa wa mtandao. Tangazo lako, Ndugu Katibu, limo katika ukurasa huo. Njia za kuigeuza tarehe iliyomo kuwa kiungo ni tatu. Ya kwanza ni simu yenyewe kuitafuta tarehe katika maandishi na kuipigia mstari. Ya pili ni fundi wa programu kuandika kanuni yake ya kutafuta tarehe, kama alivyofanya kijana yule. Ya tatu ni mwandishi wa tangazo kuweka kiungo kwa makusudi, chenye tarehe kamili ndani yake, pasipo mtu wala mashine kutafuta chochote.

Njia ya kwanza ndiyo rahisi kuliko zote, na ndiyo isiyotegemeka. Katika simu za iPhone, fundi wa programu aweza kuliamuru dirisha la ukurasa lipigie mstari tarehe, namba za simu na anwani, asipoamuru, halifanyi. Katika simu za Android, chombo cha zamani cha kugeuza maandishi kuwa viungo kilitambua anwani za mtandao, barua pepe, namba za simu na anwani za mahali, lakini tarehe haikuwamo. Aina ya tarehe iliongezwa katika toleo la 9, mwaka 2018, kwa chombo kingine. Kwa hiyo tangazo moja laweza kuwa na mstari katika simu ya mwanachama mmoja na likawa maandishi matupu katika simu ya jirani yake. Zaidi ya hayo, simu hukisia. Hutazama lugha na nchi iliyochaguliwa na mwenye simu, na kwa msingi huo huamua kama 5/9 ni Septemba au Mei. Mwenye simu iliyowekwa Kiingereza cha Marekani atapata jibu moja, na mwenye simu iliyowekwa Kiingereza cha Uingereza atapata jingine, hali wote wawili wamesoma tangazo moja na wamekaa benchi moja. Ukiandika "Jumamosi ya kwanza baada ya mnada," binadamu ataelewa, lakini usitazamie simu ielewe.

Simu hukosea pia kwa kuona tarehe mahali pasipo na tarehe. Barua zetu zina kumbukumbu namba, kwa mfano Kumb. Na. 12/6/24. Nimeona simu ikiipigia mstari namba hiyo ikidhani ni siku ya mkutano. Fundi aweza kuuwekea ukurasa amri ya kuikataza simu isitafute mambo hayo, na kwa kurasa za hesabu na barua nashauri afanye hivyo.

Njia ya pili yatoa nafasi ya kurekebisha, kwa sababu kanuni ni ya fundi wetu wenyewe, naye aweza kuifundisha desturi yetu: siku kwanza, mwezi baadaye, na saa kwa hesabu ya Kiswahili. Lakini kanuni hiyo hutegemea kila katibu aandike kwa namna moja daima. Leo aandika "5/9", kesho "5 Sept.", keshokutwa "tarehe tano mwezi wa tisa". Fundi hawezi kuzikamata namna zote, na ile itakayomponyoka ndiyo itakayokuwa ya Mkutano Mkuu.

Nabaki na njia ya tatu, na hii ndiyo ninayotaka tuizoee.

Kalenda za simu na za kompyuta zina lugha moja ya kupashana habari za mikutano. Iliwekwa mwaka 1998, ikafanyiwa marekebisho mwaka 2009, na inatumika mpaka leo na kalenda za makampuni mbalimbali. Tukio moja huandikwa katika faili dogo la maandishi matupu ambalo jina lake huishia na herufi "ics". Faili hilo halizidi ukubwa wa ujumbe mfupi michache, kwa hiyo halimgharimu mwanachama kifurushi chake. Ndani yake mna jina la mkutano, mahali, mwanzo na mwisho. Tuseme mkutano ni Jumamosi, tarehe 4 Julai 2026, kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 8 mchana. Mistari miwili ya mwanzo na mwisho itakuwa hivi:

DTSTART:20260704T070000Z
DTEND:20260704T110000Z

Katibu asiogope herufi hizo. Tarakimu nane za kwanza ni mwaka, mwezi na siku, kwa mpangilio huo. Mpangilio wa kuanza na mwaka ni kipimo cha kimataifa kilichotangazwa mwaka 1988, na faida yake ni kwamba hauna njia mbili za kusomwa. Herufi T hutenga tarehe na saa. Herufi Z mwishoni yasema kwamba saa hiyo ni ya kipimo cha dunia nzima, ambacho kiko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tatu.

Hapa ndipo makatibu wengi hupotea, basi tukae kidogo. Sisi twahesabu saa tangu kucha na tangu kuchwa. Kalenda ya simu yahesabu tangu usiku wa manane. Kwa saa zote za mchana, yaani tangu saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni, ongeza 6. Saa 4 asubuhi ni 10:00, saa 8 mchana ni 14:00, saa 12 jioni ni 18:00. Kwa usiku wa mapema, tangu saa 1 hadi saa 5, ongeza 18. Hivyo saa 2 usiku ni 20:00. Kuanzia saa 6 usiku hadi saa 12 alfajiri ondoa 6, na hapo kumbuka kwamba kalenda imekwisha kugeuza tarehe. Baada ya kupata saa ya simu, ondoa 3 upate saa ya Z. Saa 4 asubuhi ni 10:00, ukiondoa 3 ni 07:00, nayo ndiyo uliyoiona katika mfano. Kwa mikutano ya mchana basi ipo njia ya mkato: chukua saa ya Kiswahili, ongeza 3.

Kuhusu usiku lipo jambo jingine, na wasomaji wetu wa pwani wataniunga mkono. Kwa hesabu ya wazee, siku huanza jua linapokuchwa, na "usiku wa Ijumaa" ni ule wa kuamkia Ijumaa. Kwa kijana wa leo, na kwa simu, usiku wa Ijumaa ni ule unaofuata mchana wa Ijumaa. Ghala hulindwa kwa zamu, na orodha ya zamu yenye maneno "usiku wa Ijumaa" ni sawa na kuliacha ghala wazi usiku mmoja na kuwaweka walinzi wawili usiku mwingine. Andika "usiku wa Alhamisi tarehe 2 kuamkia Ijumaa tarehe 3."

Yawezekana katibu akauliza kwa nini tusiandike tu saa ya hapa, tukaacha hesabu za Z. Yaruhusiwa, na kwa chama kilicho katikati ya nchi haileti madhara. Lakini vyama vilivyo karibu na mipaka ya Burundi na Rwanda vijihadhari. Nchi hizo ziko saa moja nyuma yetu, na simu ikinasa mtandao wa ng'ambo ya mpaka yaweza kujibadili saa yenyewe. Saa iliyoandikwa bila Z wala jina la eneo huchukuliwa kuwa saa ya mahali simu inapodhani ipo, na mwanachama atafika saa nzima baada ya mkutano kuanza. Ikiwa na Z, simu iliyojibadilisha itaonyesha 9:00 badala ya 10:00, lakini italia katika wakati ule ule tuliokusudia.

Faili likiisha kutengenezwa, huwekwa pamoja na ukurasa wa tangazo, na chini ya tangazo huandikwa maneno ya kiungo, kwa mfano: "Gusa hapa kuweka mkutano huu katika kalenda yako." Nashauri kiungo kisifichwe ndani ya tarehe peke yake, maana mwanachama asiyezoea hajui kwamba mstari chini ya tarehe ni mwaliko wa kugusa. Wapo wanaotumia kiungo cha kalenda ya Google badala ya faili; chafanya kazi na hakihitaji faili, lakini humtaka mtu awe na akaunti huko. Chama chaweza kuweka vyote viwili.

Kabla ya kutangaza, jaribu. Na ujaribu ndani ya programu ya chama yenyewe, wala si katika kivinjari cha simu tu. Nimekwisha kuona kiungo kilichofanya kazi vizuri katika kivinjari, lakini ndani ya programu mtu akagusa na kugusa bila jibu lolote. Sababu ni kwamba dirisha la ukurasa lililomo ndani ya programu za Android halipokei mafaili mpaka fundi aliandikie kanuni ya kuyapokea. Chukua simu mbili au tatu za wanachama za aina tofauti, gusa, kisha ufungue kalenda na utazame siku, mwezi, mwaka na saa. Kazi hii ni ya dakika kumi. Kijana wa pamba angeifanya, mama yule asingekosa mkutano.

Mkutano ukiahirishwa, kuna hatari mpya. Tarehe iliyokwisha kuingia katika kalenda ya mwanachama ni nakala. Haifuati mabadiliko unayofanya katika ukurasa. Ndani ya faili kuna mstari wa utambulisho wa tukio, uitwao UID. Tengeneza faili la marekebisho kwa UID ile ile ya kwanza, uongeze na namba ya toleo iitwayo SEQUENCE, na mwanachama akiligusa kalenda nyingi zitabadilisha tukio la zamani. Ukiweka UID mpya, atakuwa na mikutano miwili, asijue upi ni wa kweli. Lakini ni lazima agusie tena, kwa hiyo mpelekee ujumbe wa kumwambia hivyo. Kwa kiungo cha Google kila mguso huongeza tukio jipya, na lile la zamani hana budi kulifuta kwa mkono.

Wanachama nao wana neno lao hapa. Baadhi ya programu huomba ruhusa ya kusoma na kuandika katika kalenda nzima ya mwenye simu. Kalenda ya mtu ina mambo yake: siku za kliniki, madeni, safari. Kiungo cha faili hakihitaji ruhusa hiyo, kwa kuwa mwanachama ndiye anayekubali tukio moja kwa mkono wake. Programu ya chama ikiomba ruhusa ya kalenda nzima, muulizeni katibu sababu, na katibu amwulize fundi.

Faida moja ya kalenda niliiona baadaye kuliko nyingine, nayo kwa vijiji vyetu ni kubwa. Tukio likiisha kuhifadhiwa, simu italia hata kama haina mtandao wala salio. Ujumbe wa asubuhi ya mkutano hauwezi kumfikia mtu aliye shambani bondeni. Kengele iliyowekwa wiki mbili kabla itamfikia.

Wenye simu za tochi hawamo katika habari hii yote, nao ni wanachama sawa na wengine, kura yao ni moja kama ya mwenye simu ya gharama. Ubao wa matangazo na ujumbe mfupi vibaki. Navyo viandikwe kwa tarehe kamili kama ile ya kiungo, yaani jina la siku, tarehe, jina la mwezi kwa maneno, mwaka, na saa pamoja na neno asubuhi, mchana, jioni au usiku. "Jumamosi, 4 Julai 2026, saa 4 asubuhi" hupokelewa sawasawa na mzee, kijana na fundi. Jina la siku lisiachwe, kwa sababu ndilo linalofichua kosa: mwanachama akiona kalenda yake yasema Jumanne hali tangazo lasema Jumamosi, atauliza.

Maswali ya kujadiliwa katika kikundi:

1. Tangazo lasema: "Kikao cha Bodi 7/8 saa 2." Orodhesheni namna zote ambazo tangazo hili laweza kusomwa na binadamu na simu, kisha mliandike upya.

2. Kikao cha kamati ya mikopo ni Jumatano, 12 Agosti 2026, saa 9 alasiri. Andikeni mstari wa DTSTART wa kikao hicho, wenye Z.

3. Mlinzi wa ghala amepangiwa kuanza zamu saa 7 usiku wa kuamkia tarehe 1 Oktoba. Kalenda ya simu yake itaonyesha tarehe ipi na saa ngapi?

4. Chukueni tangazo la mwisho lililotolewa na chama chenu. Liguseni katika simu tatu tofauti, na mwandike katika daftari la kikundi kila simu ilichofanya.